Vitenzi Vyenye Mkia

Kabla mjomba wangu, tonton Polycarpe, hajaanza kufundisha Kiingereza jikoni kwetu, mlango wa kabati la vyombo ulikuwa wa kijani. Baada ya miezi michache ulikuwa umechakaa kwa chaki, na maman Antoinette, mke wake, alichoka kuufuta akauacha hivyo hivyo. Tonton alikuwa mwalimu huko Bukavu miaka mingi, na Kiingereza chake alikitoa Kampala, alikosoma ujanani. Hapa Brussels hakuna aliyemwita mwalimu. Alipanga masanduku kwenye ghala moja mtaa wa Forest, na jioni alirudi nyumbani Koekelberg na hamu ya kumsahihisha yeyote aliyekuwa karibu. Kwa muda mrefu huyo yeyote alikuwa mimi, Pétronille, mtoto wa dada ya mke wake, niliyekuwa nikiishi nao ghorofa ya chini.

Halafu akapatikana Honorina.

Honorina aliishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu. Alikuwa Mhispania, mjane, mwenye magoti mabovu na ulimi usiojua kubembeleza. Alikuja Ubelgiji akiwa msichana, akaolewa na mtu wa kwao aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha magari Forest, akamzika huku huku. Mtoto wao mmoja, Covadonga, ambaye mama yake alimwita Cova, aliolewa Leeds, Uingereza, na Mwingereza mpole anayeitwa Gareth. Wakapata binti, Gemma. Mwaka huo wa 1996 Gemma alikuwa na miaka tisa na hakujua lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Bibi yake alijua Kihispania, na kile Kifaransa cha sokoni tulichoongea naye sote. Wakipigiana simu, Cova alisimama katikati akitafsiri, na mtoto alichoka upesi akakimbilia televisheni.

"Nina mjukuu mmoja duniani," Honorina aliniambia siku moja tukipanda ngazi, "na sijawahi kumwambia jambo lolote mimi mwenyewe. Kila kitu kinapitia kwa mwingine."

Ndiyo maana akashuka jikoni kwetu. Tonton alikataa malipo, akakubali mayai ya kukaanga na viazi ambayo Honorina aliyaleta kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Masomo yakaanza, na salamu na majina ya matunda akayamaliza bila shida. Kilichomtoa jasho ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma.

"Look ni kutazama," tonton alisema, akigonga kabati kwa chaki. "Sasa weka after nyuma yake. Si kutazama tena. Ni kulea. Put ni kuweka. Put up with? Kuvumilia."

Honorina alipiga meza kwa kiganja. "Kwa nini? Kwetu kulea ni cuidar. Neno moja, limekwisha, mtu anaenda zake. Hawa wanachukua kineno cha mtoto mdogo, wanakifunga mkia, asubuhi unakuta ni mnyama mwingine!"

Tangu siku hiyo tuliviita vitenzi vyenye mkia. Tonton alivifundisha kama alivyofundisha Bukavu, kwa kuimba. Yeye anarusha, mwanafunzi anadaka. Give up? Kukata tamaa! Get over? Kusahau machungu! Mimi nilikaa pembeni nikichambua maharage, nikavipata bure. Honorina alikosea, akatukana kwa Kihispania, akarudia. Mwezi wa kumi na mbili alimwambia Gemma kwa simu, bila Cova katikati, kwamba anatafuta zawadi yake ya Noeli, na alitumia look for mahali pake. Alishuka ngazi zote kutuambia. Mtoto alikuwa amecheka na kuuliza, "Zawadi gani?" Wanawake wenye umri wake huwa hawaruki, lakini nusura aruke.

Mwezi wa kwanza Cova akaanza kuumwa kichwa. Ikaonekana ni uvimbe, ikaamuliwa apasuliwe mwezi wa pili. Honorina alitaka kwenda mara moja. Cova akamzuia: njoo nikishatoka hospitali, mama, sitaki ukae kwenye korido za watu usiyeelewana na yeyote. Mama akakubali shingo upande. Na kwa kuwa Gareth hakujua Kifaransa, na tonton Polycarpe alijua Kiingereza, Gareth akapewa namba ya simu ya kwetu. Kuanzia hapo habari za Cova zilifikia ghorofa ya chini kwanza, kisha zikapanda. Kila mtu aliona ni bahati kubwa, Honorina kuliko wote.

Sasa inabidi nieleze desturi yetu, la sivyo tonton ataonekana mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Ningependa angekuwa mbaya. Ningemchukia nikalala usingizi.

Kwetu Kivu mtu hapigwi na habari ya kifo akiwa amesimama, au yuko peke yake, au ana njaa. Aliyezipata habari anazificha. Anasema mgonjwa yuko, hali ni nzito kidogo. Anawaarifu wazee, wanachagua siku ambayo watu wengi watakuwepo. Viti vinaletwa, chakula kinapikwa. Mfiwa anaitwa kwa kisingizio, anakalishwa, analishwa, maana wote wanajua kwamba akishasikia hatatia kitu mdomoni siku kadhaa. Akishakula, mzee mmoja anaanza mbali, anazunguka, anataja Mungu, anataja babu zetu, na wewe unaona anavyokuja taratibu mpaka anafika. Watu wameshakuzunguka kukushika. Ni upendo huo, siukatai. Mwaka wa 1995 nilifanyiwa mimi, katika nyumba hii hii. "Papa iko mugonjwa kidogo," maman Antoinette aliniambia. "Kula kwanza, ma fille." Nikala. Nilipewa paja la kuku, nikalimaliza, na baba yangu alikuwa ameshazikwa Bukavu siku nyingi. Tangu hapo sili paja la kuku. Lakini sikulalamika. Nilidhani machungu yale ni ya kifo peke yake.

Cova alipasuliwa, na Gareth akapiga simu kusema mambo yamekwenda vizuri. Honorina alilia jikoni kwetu kwa furaha, akambusu tonton kwenye kipara.

Alhamisi ya wiki hiyo, asubuhi, Gareth akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda kazini Laeken, kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa mhudumu. Tonton alipokea simu akiwa amevaa koti la kwenda ghalani. Cova alikuwa amefariki alfajiri, damu ilimvujia kichwani. Gareth alimwambia hivyo, na kumwomba amwambie mama yake. Tonton akasema atamwambia. Akamwambia mke wake. Akawapigia wazee wa kikundi chetu cha sala. Wakakubaliana Jumamosi jioni, watu wakiwa hawapo kazini. Mimi hawakuniambia, wala sikujua lolote kati ya hayo mpaka yalipokwisha. "Weye unapandaka kule juu kila siku," maman Antoinette alijitetea baadaye. "Uso yako ingesema."

Alhamisi hiyo hiyo jioni Honorina akashuka kwa somo lake. Nilikuwepo, nikipiga pasi.

"Leeds wamesema nini?" aliuliza kabla hajakaa.

"Hali ni nzito kidogo," tonton alijibu. "Bado haongei."

Sikusikia kitu katika sentensi ile. Niliyelishwa kuku kwa maneno yale yale, sikusikia. Nadhani ni kwa sababu alisema kwa Kifaransa, na kwa mzungu. Haikunijia kwamba desturi yetu inaweza kupanda ngazi kwenda kwa mtu asiyeijua.

Honorina alisukuma daftari pembeni. "Basi leo sitaki vitenzi vya kitabu. Nipe vya wagonjwa. Gemma yuko kule na baba yake tu, na baba yake ni mtu wa kunyamaza. Nipe maneno ambayo bibi anamwambia mtoto ambaye mama yake yuko hospitali."

Tonton alisimama na chaki mkononi kwa muda. Nilifikiri anatafuta vitenzi. Kisha akaandika pull through.

"Pull ni kuvuta," alisema. "Through ni kupenya. Mgonjwa amefika mahali pabaya, anavutwa, anapenya, anatokea upande wa pili akiwa mzima. Pull through. Sema: Mummy will pull through."

Honorina akasema. Tonton akatikisa kichwa: u ya pull ni fupi, usiivute. Akarudia. Tonton akasema tena. Akarudia. Akampa na hold on, yaani shikilia, vumilia, na don't give up alikuwa anaijua. Aliyaimba yote matatu akipanda ngazi kwenda kulala, na sisi tulimsikia ghorofa baada ya ghorofa.

Nimemsamehe mambo mengi tonton wangu. Ile u fupi sijamsamehe.

Jumamosi nilirudi kutoka kazini nikakuta viti vya parokia vimepangwa koridoni. Ndani harufu ya kuku na sombe, majani ya muhogo, na sufuria kubwa kuliko zote iko juu ya jiko. Mtu wa kwetu haambiwi maana ya viti na sufuria kubwa siku isiyo ya sherehe. Kuna aliyekufa. Na kanuni nyingine kila mtu anaijua: ukiviona viti na hakuna aliyekuambia ni vya nani, ni vyako.

Nilikuwa na ndugu mmoja Bukavu, Noé, mdogo wangu. Tangu vita vipite mjini mwezi wa kumi sikuwa nimesikia neno lake, yuko hai au la.

Maman Antoinette akatoka jikoni, kitenge kipya kiunoni. "Pétro, umefika? Enda unawe mikono, tutakula."

"Viti ni ya nini, maman?"

"Ni ya sala."

"Samedi hatusalake."

"Leo tunasali."

"Ni Noé?"

"Weye naye! Nimekuambia ni sala. Ingia, ukule." Hakunitazama usoni. Mwaka wa 1995 pia hakunitazama.

Sikuvua koti. Niligeuka nikapanda ngazi mbio hadi juu kabisa, kwa Honorina, kwa sababu ulikuwa mlango pekee katika jengo lile ambao nyuma yake hakuna mtu ambaye angeweza kuniambia habari ya Kivu. Nilitaka kukaa huko hadi wachoke kunisubiri. Mawazo ya mtoto, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Honorina alikuwa amesuka nywele upya. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa.

"Umefika wakati mzuri," alisema. "Jumatatu nakwenda Leeds, nimechoka kungoja ruhusa. Na sasa hivi nampigia Gemma, mimi mwenyewe. Kaa hapo unisikilize kama mwalimu. Nikikosea, nikonyeze."

Nilikaa. Nilimwambia sawa, piga, na masikio yangu yalikuwa kwenye ngazi, nikingoja hatua za maman Antoinette. Honorina akafunga macho, midomo ikapita juu ya maneno yake mara ya mwisho. Akazungusha namba. Simu yake ilikuwa ya zamani na sauti ilitoka nje, ungeweza kusikia ukiwa mbali kidogo.

Alipokea mtoto.

"Gemma!" Honorina alisema kwa Kiingereza, polepole, akijinyoosha kwenye kiti. "Ni bibi. Ni bibi Honorina. Sikiliza. Mummy will pull through."

"Gemma? Hold on. Don't give up. Mummy will pull through." U ilikuwa fupi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alinigeukia akanionyesha dole gumba, uso umemchangamka.

"She didn't," mtoto akasema.

Honorina akakunja uso, akaniangalia kwa msaada. Kisha sauti ile ndogo ikaendelea, bila kulia, na maneno yalikuwa mepesi mno kiasi kwamba mtu yeyote angeyaelewa: Mummy died. Thursday. Daddy alimwambia yule mtu. Halafu sauti ya mwanamume kwa mbali, na simu ikakatwa.

Katika masomo yote yale tonton hakuwahi kumfundisha neno la kufa. Hakuhitaji kufundishwa.

Nitasema kilichonipata kwanza. Si Noé. Ndiyo pumzi yangu ya kwanza: si Noé, si vyangu vile viti, asante Mungu. Pumzi ya pili ndipo nilipomwona yeye, na mkono wake wenye simu.

"Alhamisi," Honorina alisema kwa Kifaransa. "Mtu gani? Baba yake alimwambia mtu gani?" Hakungoja nijibu. Alitoka na ndara zake miguuni, akashuka ngazi zote kwa magoti yale, bila kushika mahali.

Chini sebule ilikuwa imejaa. Wanaume wamevaa suti, wanawake wamejifunga vitenge, wengine walikuja kwa tramu kutoka upande wa pili wa mji kwa ajili ya mama wa Kihispania wasiyemjua. Kiti kimoja chenye mto kiliachwa wazi katikati. Mbele yake meza ndogo, sahani, na juu ya sahani paja la kuku.

Tonton alisimama kwa heshima. "Karibu, maman Honorina. Kaa. Tule kwanza kidogo, kisha tutaongea."

Honorina alitazama kiti. Alitazama sahani. "Ulinifundisha Alhamisi," alisema.

"Maman, kwetu sisi..."

"Alhamisi jioni. Ulikuwa unajua, na ukanisahihisha matamshi." Sauti yake haikupanda. "Nimeyasema, Papa Polycarpe. Nimempigia mtoto nikayasema yote, vizuri, kama ulivyotaka. Mama yake amekufa siku mbili, na mimi namwambia atapona."

Hapo mwanamke mmoja karibu na dirisha akapiga yowe, kwa sababu habari ilikuwa imeshatoka na kilio ndicho kinachofuata. Wengine wakapokea. Sebule nzima ililia. Walimlia Cova ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na walilia kweli, machozi yenyewe, maana kila mmoja alikuwa na wake huko nyumbani ambaye hakumlia vya kutosha. Kulia tunajua. Honorina peke yake hakulia. Alisimama katikati yetu kama mtu anayengoja mvua ipungue ili aende zake, kisha akaenda zake.

Wazee walikuwa wamechagua wanawake wawili wa kumsindikiza Leeds, kwa sababu mfiwa hasafiri peke yake. Aliwakataa kwenye ngazi bila kufungua mlango. Mimi tu aliniruhusu kubeba sanduku hadi stesheni ya Gare du Midi asubuhi iliyofuata.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha kifo chenyewe, na aliyeumbuliwa ni mwingine.

Mazishi yenyewe alinisimulia aliporudi, kwa kifupi. Gemma alisimama upande wa pili wa baba yake. Honorina aliponyoosha mkono, mtoto alitia wake mfukoni mwa koti. Gareth hakumlaumu, alikuwa na adabu kupita kiasi, alimpa chai. Kwa macho ya watu wale wawili, bibi alijua tangu Alhamisi kwamba binti yake amekufa, hakupiga simu siku mbili, na alipopiga alimdanganya mtoto, tena mara mbili. Nani angetaka kumshika mkono bibi wa namna hiyo?

Mwezi wa nne Noé alipatikana. Alivuka ziwa akafika Kigoma, akapiga simu mwenyewe, mzima, amekonda. Viti vile vile vya parokia vikaletwa, tukacheza hadi majirani wakagonga ukuta. Honorina alishuka, akanibusu mashavu yote mawili, hakugusa chakula, akapanda.

Kila Jumapili alipiga Leeds. Nilikuwa nakwenda kukaa naye, sijui kwa nini, labda kwa sababu kwetu mfiwa hapaswi kuachwa. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka sasa, alijifunza peke yake kwa redio na kamusi, mikia na yote. Gareth alijibu kila mara kwamba Gemma anacheza, Gemma anasoma. Nyuma yake tulimsikia mtoto akipita, akiuliza soksi zake ziko wapi.

Jumapili moja Honorina hakuzunguka. "Gareth," alisema, "sikujua. Siku ile nilipopiga, sikujua."

Mwanamume yule akasema kwa upole, "Lakini nilimwambia mtu wenu. Alhamisi." Na alikuwa anasema kweli. Honorina akaaga, akaweka simu. Ningekuwa mimi ningesema nini? Kwamba mwalimu wake alijua akamficha siku mbili akimfundisha maneno ya kumpa moyo mgonjwa? Nani Leeds angeamini habari hiyo?

Akashuka hadi kwetu. Tangu siku ya viti alikuwa hajagonga mlango ule, isipokuwa siku ya Noé. Tonton alikuwa anakula.

"Wewe ulikuwa mdomo wangu," Honorina alimwambia. "Njoo Jumapili ijayo, shika simu, mwambie mtoto maneno matatu. She didn't know. Akikusikia wewe, yule yule mtu aliyeambiwa, ataamini. Maneno matatu tu, sikuombi kingine maishani."

Alipotoka, maman Antoinette alitupa kijiko. "Muzee muzima aende kuomba mutoto wa miaka tisa pardon? Alikosa nini? Alimuficha kwa uzuri! Alors, angemupiga nayo pale mulangoni, njo ingekuwa muzuri?"

"Nitapanda," tonton alisema. Akaendelea kula.

Jumapili alivaa suti ile ya siku ya viti, akafunga tai. Ninamtendea haki: alipanda kama mtu anayekwenda mbele ya askofu. Honorina alizungusha namba na kumpa simu. Tonton akajitambulisha kwa Gareth kwa Kiingereza chake cha Kampala, akaomba, kwa unyenyekevu, kuongea na mtoto. Tukasikia Gareth akimwita. Kisha tukasikia pumzi.

Alikuja. Miezi yote ile, na sasa alikuwa pale, anapumua ndani ya simu. Honorina aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Tonton akakohoa kidogo. "Mpenzi wangu Gemma," akaanza, "nakusalimu. Natumaini hujambo, na baba yako hajambo, na masomo yanaendelea vizuri." Pumzi. "Mimi pia ni baba wa watoto. Nimekuwa mwalimu wa watoto kama wewe miaka mingi, katika nchi ya mbali, yenye milima na ziwa kubwa."

Honorina akamwonyesha vidole vitatu.

"Tonton, sema tu!" nilimnong'oneza. "Maneno tatu!"

Akaniinulia kiganja. "Ngoja kwanza, Pétro." Maana mtu mzima hamrushii mtoto neno zito kama anayerusha jiwe. Anaanza mbali. Anaandaa mahali. Aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote katika kikundi chetu, ni yeye aliyeniambia mimi juu ya baba yangu, na aliniambia vizuri. "Katika nchi hiyo," akaendelea, jasho likimtoka kwenye kipara, "wazee wetu walituachia hekima. Kifo kinapotembelea nyumba, mwanangu, sisi huwa hatu..."

Simu ikabaki na ile sauti ya laini iliyokatwa. Mtoto aliiweka chini taratibu, hata hatukusikia mlio wa kuiweka.

Tonton alisema sentensi moja zaidi kabla hajaelewa. Kisha akaitazama simu, akatutazama sisi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa neno likiwa ulimini.

Honorina aliichukua mkononi mwake, akairudisha mahali pake.

"Umesema vizuri sana, Papa Polycarpe," alimwambia. "Ulikuwa karibu kufika."